Ubao wa Bi Saleha

Kirongwe nzima hakuna aliyewahi kubishana na ubao wa Bi Saleha akashinda. Mwenyekiti wa kijiji alijaribu mara moja, akarudishwa mlangoni huku kamshika binti yake mkono. Maalimu wa madrasa alikuja amekunja uso, akaishia kuombwa asaidie kuchagua katuni. Ubao wenyewe wala si kitu cha kutisha. Ni kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi, kimetundikwa msumarini kando ya mlango wa banda la video. Juu yake kwa chaki huandikwa jina la filamu ya siku hiyo na namba ya umri iliyotolewa na bodi ya filamu. Chini ya hapo, kwa mwandiko wa Bi Saleha mwenyewe, ndipo watu husoma nani aingie na nani aende zake nyumbani.

Banda lilikuwa la marehemu mumewe, Mansuri, ambaye roho yake ilikuwa kwenye mpira. Filamu aliziweka ili kujaza siku zisizo na ligi. Alipofariki, miaka minne iliyopita, watu walidhani mjane atauza projekta arudi kwenye minazi na mikorosho yake. Hawakumjua. Bi Saleha alikaa eda mpaka ikaisha, akatoka, akafagia banda, akabadilisha vitambaa vyeusi vya madirishani. Kisha akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo haionyeshwi filamu yoyote humo ndani kabla yeye hajaiangalia kwanza, asubuhi, peke yake, na birika lake la kahawa.

Mwanzoni hakuwa na madaraja ya kwake. Alifuata yale ya bodi, maana Wafaa, afisa utamaduni wa wilaya, alikuja na pikipiki kutoka Kilindoni akamweleza kwa adabu zote kwamba kila filamu inapimwa, inapewa umri, na namba hiyo lazima isomeke mlangoni. Bi Saleha alifurahi. Ni mtu anayependa jambo likiandikwa. Alinunua chaki boksi zima.

Furaha ile haikumaliza mwezi. Jumamosi ya kwanza alionyesha katuni ya watu wote. Alikuwa ameiangalia nusu tu asubuhi ile, akaona ni ya kupikapika, akasema hii haina neno. Kumbe mpishi mwenyewe, aliyejitokeza vizuri baada ya nusu ile, alikuwa nguruwe. Nguruwe safi, mcheshi, mwenye kofia nyeupe, anapendwa na kila mtu. Watoto themanini walitoka bandani wakiimba wimbo wake kwa sauti moja, wakapita mbele ya msikiti saa ile ile watu wanatoka kuswali Alasiri. Bi Saleha anasema siku hiyo alitamani ardhi ipasuke immeze. Namba ya bodi ilikuwa sahihi kabisa, katuni haikuwa na dhara kwa mtoto yeyote. Ila bodi haikai mkabala na msikiti wa Kirongwe.

Jumamosi iliyofuata akaandika kumi na nane. Ilikuwa filamu ya vita, vifaru mwanzo mwisho. Lakini kijijini namba ile ilisomwa kwa maana moja tu, na mimi na wewe tunaijua. Mpaka saa nane mchana vijana wote wa Kirongwe walikuwa wametimiza miaka kumi na minane. Mmoja alikuja kavaa kanzu ya babake inaburuta chini. Mwingine alijichora masharubu kwa mkaa, jua likamwumbua kabla hajafika mlangoni. Wazee ambao hawajakanyaga banda tangu lijengwe walitokea na viti vyao, wakaketi mbele kabisa, wakatazama vifaru kwa subira, na ilipofika katikati wengi wao walikuwa wanakoroma.

Basi namba iliyowekwa kufukuza watu ikawa ndiyo tangazo. Muuza flashi za filamu mmoja mjini alinusa biashara, akaanza kuandika kumi na nane juu ya kila kitu. Aliiandika hata juu ya filamu ya mzee mmoja anayefundisha ufugaji wa nyuki. Siku ilipoonyeshwa bandani Bi Saleha alikuwa na msiba Baleni na hakuiangalia. Vijana arobaini walikaa saa moja na nusu wakingoja nyuki wale wafanye jambo.

Lakini kilichomfanya ashike chaki aandike ya kwake ni mambo ya wakwe. Filamu ilikuwa ya mapenzi, ya heshima tu, daraja la watu wazima. Mzee Haruni, miaka sabini kasoro, aliingia akakaa benchi la pili. Kwenye giza lile mkwewe, mume wa bintiye, akaja akakaa ubavuni pake bila kumtambua. Katikati ya filamu mwangaza wa kioo ukawaangaza, wakatazamana. Na hapo hapo, kama kwa makusudi, yule kijana wa kwenye filamu akamkumbatia mchumba wake. Mzee Haruni alianza kukohoa. Alikohoa mpaka akatoka nje, akaendelea kukohoa mpaka kwake. Mkwe naye alitoka kwa kupitia dirishani, na kitambaa cheusi akaondoka nacho.

"Bodi inasema wote wawili umri wanao," Wafaa alimwambia aliposimuliwa, anajifuta machozi ya kicheko.

"Umri wanao, mwanangu. Walichokosa ni pa kuweka uso," alijibu Bi Saleha. "Wewe unaniuliza mtu ana miaka mingapi. Mimi hapa nataka kujua kakaa na nani."

Wafaa, kwa busara zake, alisema namba ya bodi ibaki palepale juu, isiguswe. Chini yake Bi Saleha akitaka kuongeza ukali wake mwenyewe, hilo ni banda lake. Tangu siku hiyo ukazaliwa ubao mnaousikia. Katuni na vichekesho aliandika "Wote". Filamu za mapigano za kawaida aliandika "Waliofunga", yaani aliyewahi kufunga Ramadhani nzima bila kukosa, maana tarehe za kuzaliwa watu wengi wanakisia, lakini kuhusu funga mama mtu hadanganyi. Mwaka ule maalimu alishangaa: mwezi mzima hakuna mtoto aliyekula kobe, yaani kula mchana kwa siri. Filamu nzito aliandika "Waliooa na walioolewa". Na pale penye kukumbatiana, au hata panaponukia kukumbatiana, aliongeza mstari wa mwisho: "Mtu asiingie na mkwewe, wala mzazi na mwanawe."

Watu waliuzoea ubao kama walivyozoea adhana. Wakwe walipangiana zamu, huyu maonyesho ya saa nane, yule ya saa kumi. Tatizo lilibaki kwa Somoe, jirani na shoga wa Bi Saleha, mwanamke anayependa filamu kuliko chakula, kwa sababu mwendesha mashine bandani ni Hemedi, na Hemedi kamwoa binti yake. Hemedi yuko ndani kila siku. Somoe alinung'unika mwezi mzima, mpaka Bi Saleha akaamuru kujengwe kichumba cha makuti nyuma ya banda, kina tundu moja la kupitishia mwanga wa projekta. Hemedi akaingia humo na mashine zake. Kwa makubaliano ya kijiji kizima, Hemedi akiwa humo hayupo. Anaweza kupiga chafya, anaweza hata kuimba, hayupo. Na Somoe akapata benchi lake.

Sasa, mtu aliyeweza kumficha mkwe ndani ya makuti ungedhani hakuna daraja litakalomshinda. Likaja la mwanawe.

Sabri ni mtoto wake wa pekee. Alikwenda Dar kusomea uhasibu, uhasibu ukamkinai au yeye akaukinai, akaingia kwenye uigizaji. Bi Saleha akiulizwa alikuwa anasema kijana yuko kwenye mambo ya kampuni. Si kwamba alimwonea haya. Hakujua tu aseme nini, na Sabri mwenyewe alikuwa hamwambii mengi. Tangu Mansuri afariki, mama na mwana walikuwa kama wapangaji wa nyumba moja. Mansuri alifariki alfajiri, akazikwa baada ya Adhuhuri, kama inavyopasa. Sabri alifika Kirongwe kesho yake, udongo wa kaburi bado mbichi. Hakuna aliyemlaumu. Sabri alisoma dua, akakaa siku tatu, akarudi. Baada ya hapo simu zao zilikuwa za kuulizana hali. Yeye anauliza bati la jikoni kama bado linavuja, mama anauliza joto la Dar. Bi Saleha akikata simu hukaa nayo mkononi kwa muda, moyo unamuuma, na hajui pa kuanzia.

Kwa hiyo Sabri alipopiga wiki mbili kabla ya Idi ya kuchinja, sauti yake haitulii, akasema, "Mama, nimeigiza filamu, na safari hii mimi ndiye mhusika mkuu. Nataka ionyeshwe kwako kwanza, Idi pili, na mimi nitakuja," Bi Saleha aliona mlango umefunguka. Miaka minne alikuwa akiusukuma. Ataangalia kazi ya mwanawe, atamwambia nimekuona, mwanangu, na kutoka hapo mengine yatajisema.

"Inshallah, baba. Na wameipa daraja gani?" aliuliza, kama ambavyo angemuuliza mtu yeyote.

"Kumi na nane, mama."

"Haya. Njoo salama."

Akakata simu, akashika tama. Kumi na nane! Alipitisha kichwani filamu zote za kumi na nane alizowahi kuziangalia na birika lake la kahawa, kila moja akaweka mwanawe ndani, na kila alipomweka alisema astaghafirullah.

Flashi ilitangulia kuletwa na mtu, na karatasi yake ndogo ya daraja. Asubuhi ya siku mbili kabla ya Idi Bi Saleha alikaa benchi la mbele, akamimina kahawa, akamwambia Hemedi aliye ndani ya makuti aanze. Jina la filamu likapita. Jina la Sabri likaja peke yake, herufi kubwa. Kisha uso wa Sabri, umejaa kioo kizima, anatembea kwenye vumbi mahali fulani, amekonda, amefuga ndevu kama za babake. Bi Saleha alitabasamu peke yake. Halafu mlango ukafunguliwa kwenye filamu, sauti ya mwanamke ikamwita Sabri aingie ndani.

"Zima!" alipiga kelele. "Hemedi, zima!"

Hemedi akazima. Na Bi Saleha, aliyepima filamu mia tatu na zaidi bila kupepesa macho, akabeba birika lake akaenda zake.

Alimpigia Wafaa. "Mwanangu, hiyo kumi na nane ni ya nini?"

"Karatasi niliyo nayo ina namba tu, Bi Saleha. Sababu zinaandikwa kwenye barua, na barua anakaa nayo mwenye filamu. Muulize Sabri."

Muulize Sabri! Wafaa kijana, anaona rahisi. Mama anamuulizaje mwanawe wa kiume kama ndani ya filamu alikuwa na nguo au hana? Na Somoe asingeweza kutumwa kuichungulia. Somoe ni mtu mwema, ila mdomo wake hauna breki. Angejua saa nne, Kirongwe ingejua saa nne na dakika tano. Kirongwe yenyewe ilishaanza. Kwenye genge la mboga alisikia mmoja anasema mwana wa Saleha kaigiza kumi na nane, na mwenzake akajibu na mama mtu ndiye atakayekata tiketi, wakacheka. Uso ulimshuka. Alinunua bamia ambazo hakuzihitaji, akarudi nyumbani.

Sabri aliwasili jioni ya kuamkia Idi, kwa bodaboda kutoka Kilindoni, begi moja. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba. Umekonda." Alimpikia pweza wa nazi, akala mpaka akafungua vifungo. Walizungumza bati la jikoni. Walizungumza joto la Dar. Mara mbili Sabri alianza, "Mama, kuhusu ile filamu," na mara mbili Bi Saleha, kwa hofu ya kitakachofuata, akasema, "Ngoja nikuongeze wali."

Idi pili mchana akaenda kuandika ubao. Alisimama na chaki muda mrefu. Angeweza kumpendelea mwanawe, nani angemzuia? Lakini miaka yote amewarudisha wana wa wenzake mlangoni. Akaandika kumi na nane, akaandika "Waliooa na walioolewa", na mwisho, mkono ukiwa mzito, akaandika mstari ule wa mzazi na mwanawe. Ndipo alipoelewa alichokifanya. Sabri ndiye mgeni wa heshima, benchi la mbele ni lake. Na yeye ndiye mzazi. Alikuwa amejifungia mlango kwa mwandiko wake mwenyewe.

Saa kumi banda lilifurika. Watu walitoka mpaka Bweni. Mzee Haruni alikuja na kiti chake, mkwewe akahesabiwa akaonekana yuko shambani, hakuna hatari. Somoe alikaa katikati, kanga mpya, mfuko wa karanga mapajani. Sabri akaingizwa mbele kwa makofi na vigelegele. Kabla ya taa kuzimwa aligeuka mara tatu kumtafuta mama yake. Bi Saleha alikuwa nje, kwenye benchi la mlangoni, anajifanya ana kazi ya kufukuza watoto ambao hata hawakuwepo, wote wako kwenye bembea za Idi.

Filamu ikaanza. Kupitia ukuta wa makuti alisikia muziki, halafu sauti ya mwanawe ikisema maneno ambayo hakuyashika vizuri. Watu wakacheka. Akacheka na yeye, bila kujua wanacheka nini. Wakanyamaza, akanyamaza. Alijikunyata kwenye kanga yake, akasikitika kwa dhati. Miaka minne amengoja, na sasa yuko hatua sita kutoka kwa mwanawe na hawezi kuingia.

Haikupita nusu saa mlango mdogo wa pembeni ukafunguka. Sabri akatoka, akafumba macho kwa ukali wa jua, akaja akaketi kwenye benchi.

"Mbona umetoka?" aliuliza mama.

"Nimetoka ili wewe uingie. Nimeusoma ubao. Mzazi na mwanawe."

"Na mimi nimekaa huku ili wewe ukae ndani!"

Walitazamana. Ndani banda zima likaangua kicheko, cha mambo yao wenyewe huko, lakini kiliwafika wakiwa wamekaa hivyo, mama na mwana, watu wawili pekee wa Kirongwe ambao hawaangalii filamu ya Sabri. Bi Saleha akaanza kutikisika mabega. Sabri akaziba mdomo. Walicheka mpaka Hemedi akatoa kichwa makutini kuona kuna nini, kisha akakumbuka kwamba hayupo, akakirudisha.

Kicheko ndicho kilichompa nguvu. Alipiga moyo konde, akauliza huku anatazama barabarani. "Sabri, baba. Mle ndani mna nini cha kumi na nane?"

"Maiti, mama."

"Nini?"

"Maiti. Naosha maiti." Sabri alikuwa anachezea kijiti mchangani. "Kwani ulidhani nini?"

Bi Saleha hakujibu alichodhani, na hatajibu mpaka kufa kwake. "Yule mwanamke anayekuita uingie ndani je?"

"Dada yangu. Wa kwenye filamu. Ananiita nikamtazame mzee, kazidiwa." Halafu maneno yakaanza kumtoka yenyewe. Alisema kuosha kule kunachukua dakika saba. Bodi iliwaambia kiungwana kabisa kwamba dakika saba za maiti zinatisha watoto, wakipunguza ibaki moja watashushiwa daraja, na filamu itaweza kuonyeshwa hata shuleni. Mwenye filamu alitaka ikatwe, maana kumi na nane inamkosesha nusu ya watazamaji. Mkataji alishakaa tayari. "Mimi ndiye niliyekataa, mama. Niligombana nao. Niliwaambia mkikata pale, kateni na jina langu."

"Kwa dakika sita tu?"

"Baba sikumwosha," alisema Sabri. "Nilifika kesho yake kama mgeni. Nikaambiwa kila kitu kimefanyika vizuri, na kweli kilifanyika, lakini sikukifanya mimi. Nikakuta wameandika kwenye hadithi mtoto anamwosha babake. Nikasema hii ni yangu. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa msikitini anayeosha, akanifundisha wiki nzima. Anayeigiza mzee ni babu mmoja mtu wa Tanga, mwili wa baba kabisa, mabega yale yale. Maji yakimgusa anacheka. Tulirudia mara kumi na moja kwa sababu maiti inacheka."

Bi Saleha alicheka na machozi yakamtoka, vyote pamoja, akajifuta kwa ncha ya kanga. Kwa miaka minne alidhani mwanawe amekaa mbali kwa sababu ana hasira naye, kwamba hakumngojea kuzika. Kumbe naye huko aliko alikuwa hana raha. Alimsogelea.

"Mlimfunika?"

"Shuka, kuanzia kitovuni mpaka magotini. Halikuondoka hata mara moja."

"Ulianza upande gani?"

"Kulia."

"Majani ya mkunazi?"

"Tuliyasaga wenyewe. Na kafuri mwishoni."

Akatikisa kichwa polepole, kama maalimu anayesikiliza mwanafunzi. "Sehemu hiyo imeshapita?"

"Bado. Iko mwisho."

Bi Saleha alisimama, akajikung'uta mchanga, akamshika Sabri mkono kama alivyokuwa akimshika siku za kwanza za shule, wakaingia. Mwanga wa mlangoni uliwapiga watu machoni, vichwa vikageuka. Minong'ono ikapita benchi kwa benchi. Somoe hakuweza kujizuia.

"Saleha! Ubao!"

"Niliuandika mimi. Sogea."

Somoe akasogea, na karanga zake. Wakaketi wote wawili katikati ya wake na waume, mzazi na mwanawe, na hakuna aliyekohoa.

Mwisho ulifika bila muziki. Kilikuwa chumba kidogo, kitanda cha kamba, ndoo ya maji, mzee kalala kafunikwa shuka jeupe, na Sabri aliyekonda, mwenye ndevu za babake, kasimama ubavuni na kata mkononi. Alimimina maji kwenye bega la kulia, yakateremka taratibu kifuani, na bandani hata mwenye kifua hakusikika. Alipita bega, akapita mkono, kidole kwa kidole. Kisha akajaza kata tena, akaiinua kuelekea usoni kwa mzee, kwa haraka kidogo.

"Taratibu, baba," Bi Saleha alisema kwa sauti, banda zima likamsikia. "Kinga kwa kiganja. Maji yasimwingie puani."

Hakuna aliyecheka.

"Ndiyo, mama," akajibu Sabri, yule aliyekaa pembeni yake.